Sabato za Bahiya Laniado

Bahiya Laniado alihamia uani kwetu, mtaa wa Nahlaot, majira ya baridi, pamoja na mumewe Shaul, mama mkwe wake Sarina, na wavulana wawili. Chumba chao kilitazamana na changu, na katikati kulikuwa na kisima tulichokitumia sote. Mwaka ule mimi nilikuwa bibi harusi mpya, mgeni bado katika Yerusalemu, mwenye haya za kwetu Kurdistani. Asubuhi ya kwanza niliwapelekea mkate, nikamkuta akiwavisha watoto. Alimfunga mkubwa vifungo, akamfunga mdogo nepi, kisha akageuka, na mikono yake ikabaki hewani kana kwamba kuna wa tatu aliyekuwa akisubiri zamu yake. Sarina akatazama ukutani. Nikaweka mkate mezani, nikatoka bila kuaga.

Habari yenyewe niliipata kwa vipande, wiki baada ya wiki, tukifua.

Walikuwa watu wa Aleppo. Wayahudi wa kule hawakuruhusiwa kuondoka, na aliyetaka kuondoka alitoroka. Shaul alikuwa ameshatajwa kwa polisi kwamba anawasaidia wengine kutoroka, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kungoja. Mpitishaji mmoja alikubali kuwavusha milimani mpaka Uturuki, kwa sharti kwamba njiani mtu asitoe sauti. Na wiki ile ile binti yao Adel, wa miaka minne, aliugua surua. Kikohozi chake kilisikika mpaka nyumba ya tatu.

"Huyu wa kunyonya utamziba kwa titi," Sarina alimwambia mkwe wake. "Adel utamziba kwa nini? Kwa kiganja? Umuue mwenyewe?"

"Basi tusiende."

"Tusiende, wamchukue Shaul? Mwache kwa mama yako. Akipona, mpitishaji atamleta wiki ijayo."

Shaul alinyamaza, na katika nyumba ile ukimya wa Shaul ulimaanisha mama yake ameshinda. Bahiya alimbusu mtoto akiwa amelala, kwa sababu aliogopa kwamba akimwamsha hataweza kutoka. Wiki iliyofuata mpitishaji alikamatwa. Mpaka ukafungwa kama mdomo wa maiti, na kati ya kule na huku haikupita hata barua.

Ninasema haya kwa sababu waliomjua Bahiya uzeeni husema alizaliwa mtulivu, kwamba Mungu alimpa moyo wa maji yaliyotuama. Mimi nilimjua kabla.

Nilimjua alipokuwa hawezi kukaa. Mvua ikinyesha alitoka mlangoni akaniuliza, "Nazli, unadhani na kule inanyesha?" Jua likiwaka aliuliza vilevile. Mwanawe Rafael akipiga chafya, alivaa viatu amkimbize kwa daktari. Alisumbua ofisi za wahamiaji mpaka makarani wakawa wanajificha chooni wakimwona. Akisikia mtu yeyote ametoka upande wa Lebanoni, Bahiya alikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua mizigo.

Kula alikula kama anaiba. Shaul, aliyekuwa fundi wa majiko ya mafuta ya taa, alirudi jioni na mikono myeusi akakuta sahani ya mkewe haijaguswa.

"Kula, Bahiya."

"Yeye amekula?"

"Mimi nitajuaje?"

"Basi."

Mwaka wa tatu alikuja mwanamke kutoka Milano, ambako Wayahudi wengi wa Aleppo walikuwa na ndugu, na kutoka huko habari zilipenya kwa njia zao. Akasema Adel ni mzima, amepona zamani, ameng'oka meno ya mbele, na siku nzima anaimba.

"Anaimba nini?" Bahiya akauliza.

"Sikuuliza, dada."

Bahiya alimshukuru, akamkaribisha biskuti za ufuta, akamsindikiza mpaka barabarani. Lakini alimkasirikia yule mwanamke mwezi mzima. "Amevuka bahari," aliniambia, "akaniletea kwamba mwanangu anaimba, na wimbo akauacha huko huko!"

Sasa Sabato. Sinagogi ya watu wa Aleppo ilikuwa mtaa wa nyuma, na sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia. Kila sanduku la Torati lilipofunguliwa, Bahiya alianza. Si kulia kwa machozi tu, alipiga kelele kabisa, akimwita Mungu kama mtu anayemdai jirani. Mwanzo wanawake walilia naye. Baadaye walianza kutazamana. Mwishowe walikuwa wakisogeza viti mbali naye, na hilo naye aliliona.

Sabato moja ya kiangazi tulikuwa tunakula uani, familia zote, kila mtu amebeba meza yake. Alikuwepo na Fruma Zilber, jirani yetu aliyetoka Poland, mwenye namba ya kambi ya mauaji imechanjwa mkononi. Fruma hakuwa mtu wa sala, lakini alipenda mchuzi wa Sarina wa ukwaju. Shaul alikuwa ameshabariki mkate. Bahiya akaweka kichwa mezani, akaanza tena.

"Bahiya," Sarina akasema. "Leo Sabato. Leo hakuna kulia."

"Niache."

"Siku sita umemlilia Mungu, Yeye si kiziwi. Leo hata mgonjwa haombewi kwa kelele. Inua kichwa, kula."

Bahiya akainua kichwa. "Wewe ndiye unayeniambia nile? Wewe? Nani aliyesema tumwache? Sema mbele ya watu hawa! Nani aliyesema wiki ijayo?"

Hakuna kijiko kilichogusa sahani. Shaul alisema, "Bahiya, tafadhali," kwa sauti ndogo. Sarina alinyanyuka, akakunja leso yake vizuri kama mtu aliyeshiba, akaingia ndani akafunga mlango.

Siku kadhaa wanawake wale wawili hawakusemezana, na wanaishi chumba kimoja. Ukitaka kujua mateso, jaribu hilo. Shaul alipitisha maneno kati yao kama mtoto: mwambie mama chumvi iko wapi, mwambie mkeo maji yamechemka. Alhamisi nilikwenda kuazima ungo, na Sarina akanishika mkono nikae nao. Nadhani alitaka shahidi. Tukawa watatu tunachambua mchele wa Sabato.

"Unadhani mimi nalala," Sarina akasema bila kumtazama mkwewe.

"Unalala. Nakusikia ukikoroma."

"Ijumaa ndiyo unanisikia. Siku nyingine sikiliza vizuri."

Bahiya akaendelea kuchambua.

"Siku sita najishitaki mwenyewe, najihukumu mwenyewe, najifunga mwenyewe. Ningesema 'mbebeni', labda wote tungekufa, labda angekuwa hapa anamwaga mchele huu. Sijui. Kutojua ndiko kunakonila. Lakini Ijumaa jua likizama, natoka gerezani. Si kwamba sina kosa. Mungu ndiye aliyeamuru kila kazi iishe, na ambayo haijaisha, tujifanye imeisha. Basi najifanya. Mwanzo nilijifanya tu. Siku hizi mara nyingine inakuwa kweli, kwa muda wa mlo mmoja. Hiyo ndiyo imani yangu yote, Bahiya. Sina nyingine nimeficha."

"Na mtoto? Nikimwacha siku nzima, nani anamwangalia?"

"Siku nyingine anaangaliwa na nani? Na wewe? Kutoka hapa kisimani?"

Bahiya alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa kwa nguvu mpaka kikagonga ndoo. Halafu akasema, "Mama, sogeza ungo, unamwaga." Ndivyo walivyorudi kusemezana.

Msidhani kesho yake alipona. Ijumaa ile, kabla ya kuwasha taa za mafuta, alisimama na kiberiti mkononi mpaka nikaogopa jua litazama, Sabato iingie, na kuwasha moto kuwe mwiko. Baadaye aliniambia alichosema. Alisema: "Bwana, Adel binti Bahiya namweka amana kwako mpaka kesho nyota zitoke. Usinipe jibu. Pokea tu." Akawasha. Na usiku kucha alikaa kitandani macho makavu, mikono mapajani, kwa kuwa mikono ile haikujua la kufanya isipokuwa kujipiga kifua.

"Nimeshindwa," aliniambia.

"Ulilia?"

"Hapana."

"Sasa umeshindwa nini?"

"Sikulia, lakini sikupumzika. Nilikuwa kama mtu aliyeweka mzigo chini akabaki ameukalia."

Alijaribu Sabato iliyofuata, na iliyofuata. Kuna zilizokwenda, kuna ambazo alitoka mezani akaenda kulilia nyuma ya choo, na Sarina akajifanya haoni. Sijui ilikuwa lini, lakini kuna mchana mmoja wa majira ya mvua nilipita mlangoni kwao nikamwona Bahiya akila. Alikuwa anakula mipira ya nyama iliyopikwa kwa cheri chachu, anaifuta sahani kwa mkate, na Zaki, yule mdogo, amelala mapajani mwake. Nilikwenda zangu taratibu kama mtu aliyemwona ndege dirishani.

Fruma ndiye ambaye hakumpa nafasi. Hakuwa na ubaya, ila hakupenda maneno matamu. Siku moja akamwambia kisimani:

"Naona siku hizi unatumaini."

"Najaribu."

"Mama yangu alitumaini kuliko wewe. Sabato yake ilikuwa nyeupe kama shuka hili. Unajua alikokwenda. Sasa niambie, mwanao asiporudi?"

Nilitaka kumnyamazisha. Bahiya akaninyooshea kidole nisiseme.

"Sijui, Fruma."

"Hujui?"

"Sijasema atarudi. Zamani nilidhani kutumaini ni kuwa na uhakika wa kupewa, ndiyo maana nilikuwa napiga kelele, nilikuwa nadai. Sasa nasema tu kwamba popote alipo, hayuko nje ya mkono Wake. Mama yako naye hakuwa nje. Mkono ule unafanya nini, mimi na wewe hatuoni, na wewe una haki ya kuukasirikia."

Fruma alivuta ndoo yake, akaitua ukingoni. "Jibu hilo halinishibishi," akasema.

"Wala mimi. Lakini linaniwezesha kulala Ijumaa."

"Basi lala," Fruma akasema, na akamsaidia kubeba ndoo ya pili.

Miaka ikaenda. Rafael akaenda jeshini akarudi, akaoa. Mama yake Bahiya alifia Aleppo. Habari zilifika wakati kaburi limeshaota majani. Kisha ikaja habari nyingine kwa njia ya Milano: Adel ameolewa. Lini hasa, haikujulikana. Bahiya alikaa na neno hilo asubuhi nzima. Mchana akanituma kuita watu, na niliporudi uani nikamkuta amevaa gauni lake la kijani, ameshika sinia la lozi za sukari, nyeupe, zile za harusi.

"Mwanangu ameolewa," alimwambia kila aliyeingia. "Chukua. Chukua nyingi."

"Hongera, mama! Lini?"

"Mwezi uliopita. Au ule mwingine."

"Na bwana harusi ni nani?"

"Mtoto wa watu," akasema, maana alilojua lilikuwa hilo tu. Sarina, ambaye wakati ule macho yalikuwa yameshapofuka, alipiga vigelegele vya Aleppo kwa koo lake la kizee. Fruma alicheza. Ndiyo, Fruma alicheza, na mimi nilicheza naye, na Bahiya akatupigia makofi, midomo yake ikitabasamu. Lozi zilipokwisha aliosha sinia, akalifuta, akaendelea kulifuta likiwa kavu.

Sarina alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, na aliyemgeuza na kumwogesha alikuwa mkwewe. Sabato yake ya mwisho nilikuwepo. Alitafuta mkono wa Bahiya kwa kupapasa.

"Nisamehe, binti yangu. Si kwa kuwa nilikosea. Hilo sijalijua mpaka leo. Nisamehe kwa kuwa siku ile nilisema kama mtu mwenye uhakika."

Bahiya akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama," akasema, "leo Sabato. Leo hakuna kesi."

Yule bibi akacheka kidogo, kicheko cha pumzi, akageuza uso ukutani akalala.

Malango ya kule yalifunguliwa tukiwa tumezeeka. Serikali yao iliwaruhusu Wayahudi kuondoka, ila si kuja kwetu, kwa hiyo walikwenda Amerika. Adel na mumewe na watoto wakafikia Brooklyn. Simu ya kwanza Bahiya aliipokea kwangu. Alisikiliza, akasema "ndiyo", "ndiyo", "alhamdulillahi", akarudisha mkono wa simu, akanitazama. "Ana sauti ya mama yangu," akasema. "Sauti ya mtoto sikuisikia."

Ilipita miaka miwili zaidi ndipo Adel akaja, kwa mwezi mmoja, peke yake. Uwanja wa ndege tulikwenda mimi, Bahiya, Shaul na fimbo yake, na Zaki aliyekuwa dereva. Alitoka mwanamke mnene, mwenye mvi pembeni, amevaa miwani. Shaul ndiye aliyelia kwanza. Bahiya alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikitimaji, akitafuta. Adel akasema kwa adabu, "Hujambo, bibi." Neno lilimtoka tu. Alijiziba mdomo, lakini lilikuwa limeshasikika.

"Sijambo, mwanangu," Bahiya akasema. "Umechoka. Twende nyumbani."

Siku za mwanzo walikuwa kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja hotelini. Huyu anasema "tafadhali", yule anasema "asante". Adel alikuwa akimwita marehemu bibi yake "mama", anajishika, anaanza upya. Ijumaa ile nilikuwa jikoni kwao nikitwanga iliki. Mchele ulikuwa motoni. Adel aliacha kisu.

"Ulikuwa ukilala?" akauliza. "Miaka yote ile. Nataka kujua. Ulikuwa ukilala?"

Bahiya angeweza kumdanganya. Mama mwingine angemdanganya.

"Usiku wa Sabato, ndiyo. Si tangu mwanzo. Baadaye."

"Ulilala." Adel alisema kama mtu aliyepewa hesabu. "Mimi nilikuwa nakaa dirishani Ijumaa, kwa sababu watu wote walikuwa na mama zao mezani. Na wewe umelala."

"Ndiyo."

"Uliwezaje?"

"Nilikukabidhi. Sikuweza kukubeba kutoka huku, Adel, nikakukabidhi kwa anayeweza. Kila Ijumaa kabla ya taa. Nisingefanya hivyo ungekuta kaburi, na hawa ndugu zako wangelelewa na mwendawazimu."

"Na Jumamosi usiku?"

"Nyota zikitoka nilikuchukua tena. Muulize Nazli. Nilikuwa nasimama pale mlangoni nazingoja."

Niliitikia kwa kichwa. Adel alitoka, akaenda kukaa ukingoni mwa kisima, ambacho siku hizo kilikuwa kimefunikwa kwa zege. Alikaa huko mpaka jua likawa juu ya mapaa. Bahiya hakumfuata. Alimalizia mchele, akapanga taa, akasimama na kiberiti. Adel akaingia, macho mekundu, akatazama meza.

"Umesahau maji ya kunawa," akasema.

"Yalete basi," mama yake akajibu, kwa ukali kidogo, ukali wa kumwambia mtu wa nyumbani. Adel akayaleta.

Hawakulizungumzia tena. Lakini wiki zilizobaki walipika pamoja, wakagombana juu ya ukwaju, mwingi au kidogo, na mara moja nilimkuta Adel ameketi chini, kichwa magotini pa mama yake, akisukwa hizo nywele zake zenye mvi. Alikuwa akiimba kitu polepole. Sikuuliza ni wimbo gani.

Mwezi ukaisha akarudi kwa watoto wake. Ndivyo ilivyokuwa lazima. Jumamosi iliyofuata, Fruma, ambaye sasa alitembea kwa kushika kuta, alikuja kukaa nasi uani.

"Haya, Bahiya. Umemwona. Sasa hamu imeisha?"

Bahiya alibangua mbegu ya alizeti kwa meno, akatema ganda kiganjani.

"Imezidi," akasema. "Zamani nilimtamani mtoto niliyemkumbuka. Sasa namtamani mtu ninayemjua. Anapenda kulala na dirisha wazi. Anakoroma kama Sarina. Hayo yote yako Brooklyn."

"Na Mungu wako anasema nini?"

"Leo simuulizi."

Fruma akanyoosha mkono, Bahiya akamwekea mbegu, na mimi nikasogeza kiti changu karibu kwa sababu kivuli kilikuwa kimeanza kunipita.